Kupotelewa, Kumbukumbu na Jina la Mtu: Mazingatio Kutoka Sumbawanga na Nyanda za Ufipa



Ndugu zetu katika imani, yako masuali yanayotufikia kwa sura mbali mbali lakini shina lake ni moja. Mama aliyefiwa na mwanawe anauliza kama ni kosa kuwa bado anamlilia baada ya miaka. Mlezi wa yatima anauliza kama amfiche mtoto jina la baba yake ili asiumie. Kijana anauliza ajibu nini anapotukanwa kwamba bibi yake aliletwa na misafara ya watumwa. Mwengine amefikwa na msiba juu ya msiba, na majirani wanamnong'oneza kwamba iko mkono ya mtu. Wote hao wanauliza jambo moja: haya yaliyonifika yamenifanya kuwa nani?

Tumeona tulijibu suali hili kwa kupitia Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Huko ni mbali na bahari yetu, lakini mambo yote hayo manne yamepita huko, na historia yake imefungamana na ya visiwa vyetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mji unaotukanwa kwa dawa yake

Mtu wa Unguja au Pemba akilisikia jina la Sumbawanga, mara nyingi linalomjia kwanza ni uchawi. Watu hutaniana kwa jina hilo, na wasafiri hutishana. Lakini jina lenyewe, kwa maelezo ya wenyeji, maana yake kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Neno wanga sisi tunalijua vizuri, maana na sisi tunasema mwanga na kuwanga. Basi mji ambao jina lake ni amri ya kuutupa uchawi ndio unaosifika kwa uchawi nchi nzima. Watu wamelishika neno moja katika jina na kuliacha la pili.

Ndivyo inavyokuwa hata kwa mtu mmoja mmoja. Mwanamke akiachwa mara mbili huitwa "yule aliyeachika", na subira aliyoonesha katika ndoa zote mbili haitajwi. Mtoto aliyefiwa huitwa "yule yatima" mpaka anaota ndevu. Jamii hushika jeraha na kulifanya jina, na mwenyewe akiitwa hivyo miaka mingi, huishia kuitika.

Msiba humbadilisha mtu, wala hatulikanushi hilo. Lakini msiba hauna haki ya kumpa mtu jina.

Ufipa ni nchi iliyojengwa na waliopotelewa

Nyanda za Ufipa zimeinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi, ya mahindi na ya upepo. Mtaalamu Roy Willis, aliyekaa huko katika miaka ya 1960 na kuandika vitabu kuhusu Wafipa, ameeleza kwamba wao ni watu waliotokana na asili nyingi tofauti zilizokutana hapo.

Wafipa husimulia kwamba mwanzo mamlaka yalikuwa Milansi. Kisha wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Twa, na utawala ukahamia kwao, hata zikasimama dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la Nkansi bado linasikika katika Wilaya ya Nkasi ya leo. La kuzingatia ni kwamba Milansi haikufutwa katika masimulizi. Aliyepoteza utawala alibaki na heshima yake na nafasi yake, na watoto wa walioshinda wakakua wakijua kwamba wazazi wao walikuja kama wageni. Taifa lilihifadhi hasara yake ndani ya hadithi yake bila ya kuifanya deni la damu.

Katika miaka ya 1840 wakafika Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba. Yeye mwenyewe alifia Ufipa, na watu wake wakagawanyika na kutawanyika, wengine kaskazini na wengine kusini. Baada yao ikazidi misafara ya pembe za ndovu na watumwa.

Hapa inatupasa tuseme kweli, hata kama ni juu ya nafsi zetu. Misafara mingi ilipata mali na bunduki zake kutoka kwetu. Hamad bin Muhammad el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja na akafa Mji Mkongwe mwaka 1905. Mnamo 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, na akarudi na utajiri mkubwa wa pembe. Wafanyabiashara wa aina yake walikuwa wakiswali kama sisi. Lakini kuswali kwao hakuhalalishi kumteka mtu huru. Katika hadithi qudsi iliyopokewa na Imam al-Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah (S.W.) atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Anayetaka kuitetea historia ya wazee wake na aanze kwa kuisoma hadithi hiyo.

Mtoto wa Timbuktu aliyezikwa Karema

Kutoka katika zama hizo za misafara tunachukua mfano mmoja. Kaskazini-magharibi ya Ufipa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upo mji wa Karema. Leo uko Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo hicho mwaka 1885, na mwaka 1889 alifika hapo tabibu Mwafrika aitwaye Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa mnamo 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka mapadri wakamkomboa huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea utabibu, kisha wakamleta Tanganyika. Alikaa Karema akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, kiasi cha miaka 67. Alioa huko na kuzaa huko.

Alikuwa Mkristo mpaka kufa kwake, na hatumtaji kwa ajili ya mjadala wa dini. Tunamtaja kwa sababu maisha yake yanalionesha suali letu waziwazi. Mtu huyu alinyang'anywa wazazi, nchi na lugha kabla hajabaleghe. Wakombozi wake walimpa jina la Adrien, na Atiman likabaki ubavuni mwake. Alipozeeka aliandika mwenyewe habari za maisha yake, naye akaanza kwa kule alikozaliwa. Bahari, jangwa na miaka zaidi ya sitini havikumfutia mwanzo wake. Na uchungu ule haukumfanya mtesi. Watu wa kando ya ziwa walimjua kwa dawa na kwa kuamka usiku anapoitwa na mgonjwa.

Basi kupotelewa kulimfikisha Karema, lakini alichokuwa Karema kilitokana na alichokifanya kwa mikono yake.

Zayd bin Haarithah na haki ya kujua ulikotoka

Miaka zaidi ya elfu moja kabla ya hapo, mtoto mwengine alitekwa. Zayd bin Haarithah wa kabila la Kalb alikuwa safarini na mama yake kwenda kwa jamaa zake, wakavamiwa. Zayd akachukuliwa, akauzwa katika soko la Ukaadh. Hakiim bin Hizaam akamnunua kwa ajili ya shangazi yake Bibi Khadija (R.A.), naye akampa Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume. Baba yake hakuacha kumlilia na kumuulizia kwa kila msafara, mpaka akapata habari kwamba yuko Makka. Akaja na ndugu yake wakiwa na fidia. Mtume (S.A.W.) hakutaka fidia. Alimwachia Zayd achague, na Zayd akachagua kubaki.

Kuanzia hapo watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Kuna heshima gani duniani kuliko kuitwa hivyo? Na bado ikateremka Suratul Ahzaab, aya ya 5, ikiamrisha kwamba watoto wa kulelewa waitwe kwa majina ya baba zao, kwani huo ndio uadilifu mbele ya Allah. Zayd akarudi kuitwa bin Haarithah. Kisha Allah (S.W.) akamtunuku jambo ambalo hakulipata Swahaba mwengine yeyote: jina lake likatajwa ndani ya Qur-aan, katika aya ya 37 ya sura hiyo hiyo. Akafa shahidi vitani Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, akiwa amiri wa jeshi.

Tunajifunza hapa kwamba sharia inamhifadhia mtu mwanzo wake hata pale mwanzo huo unapokuwa na machungu. Kumpenda mtoto wa kulea ni ibada, na kumlea yatima kuna ahadi ya kuwa karibu na Mtume (S.A.W.) Peponi. Lakini kumwandikia jina lisilo la baba yake, au kumficha mpaka akaja kulisikia harusini kwa mpambe, ni kumdhulumu. Na yako makatazo makali katika hadithi za al-Bukhari na Muslim kwa anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua. Mlezi na amwambie mtoto ukweli mapema, kwa upole, kidogo kidogo, amwombee baba yake pamoja naye, na amfikishe kwa jamaa zake. Mtoto anayejua alikotoka hulia mara moja. Anayefichwa huja kulia mara mbili.

Ya'quub na Yuusuf: namna ya kukumbuka

Kuhusu yule mama anayemkumbuka mwanawe, jawabu liko katika Suratu Yuusuf. Nabii Ya'quub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakapofuka kwa huzuni, na wanawe wakamlaumu kwamba hataacha kumtaja Yuusuf mpaka ajiangamize. Hakuwajibu kwamba ameshasahau. Aliwaambia kuwa anapeleka huzuni yake na mashitaka yake kwa Allah peke yake. Alikuwa Nabii, na alikumbuka, na alilia. Mtume wetu (S.A.W.) naye alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola.

Zile siku tatu za kukaa matanga, na miezi minne na siku kumi kwa mjane, ni hukumu za kuacha mapambo na kudhihirisha msiba. Hazikuwekwa kuwa kipimo cha moyo. Anayemkumbuka maiti wake baada ya miaka kumi akamwombea na akamtolea sadaka, huyo hana kosa, bali ni katika kumfanyia wema.

Na Nabii Yuusuf (A.S.)? Alitumbukizwa kisimani, akauzwa kwa thamani ndogo, akatiwa gerezani. Alipokuwa gerezani na wafungwa wenzake, aliwaeleza kwamba anafuata mila ya baba zake, Ibrahim, Is-haaq na Ya'quub. Wamisri wengi walimjua kwa utumwa na kifungo. Yeye alijijua kwa baba zake na kwa Mola wake. Na alipokuwa mtawala na ndugu zake wakasimama mbele yake, alizihesabu neema za Allah na akataja kutolewa gerezani, wala hakutaja kutolewa kisimani. Wanavyuoni wamesema: aliacha kukitaja kisima ili asiwaaibishe ndugu zake baada ya kuwasamehe, na ugomvi akaunasibisha na shetani. Yuusuf (A.S.) hakusahau kisima. Alichagua tu namna ya kusimulia.

Msiba unapotafuta mchawi

Sasa turudi Sumbawanga, kwa yule anayeambiwa kuna mkono wa mtu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 ilipita Ufipa harakati iliyoitwa Kamcape. Vijana waliingia vijijini, wakakusanya watu, wakatafuta dawa zilizofichwa na kuwachanja watu kinga. Waliokuwa wakinyooshewa kidole aghlabu ni wazee. Roy Willis aliyaona hayo na kuyaandika. Tukitazama ndani yake tunakuta watu waliochoka na vifo, ugonjwa na mavuno mabaya, waliotaka maumivu yao yawe na sura ya mtu ili wapate kumtoa.

Tamaa hii haikukaa Ufipa peke yake. Visiwani kwetu pia mtu akifiwa hukimbilia kwa mganga kuuliza "nani?", na akirudi huwa amepoteza mara ya pili, kwani ametoka na jina la shangazi yake au jirani yake. Uchawi umetajwa katika Qur-aan, na kinga yake ni Aayatul Kursiy, al-Mu'awwidhataan na adhkaar za asubuhi na jioni. Lakini kumsadiki mpiga ramli ni katika mambo yanayoiangamiza dini ya mtu, na kumtuhumu Muislamu bila ya ushahidi ni dhulma. Hata sheria ya uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilifanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Katika sehemu kadhaa za bara, bibi vizee wameuawa kwa kunong'onwa tu. Msiba uliopokewa kwa istirjaa humwachia mtu nafsi yake. Ukipokewa kwa kutafuta mchawi, humfanya mwenye msiba kuwa sababu ya msiba wa mwengine.

Nyumba zetu na historia zilizofichwa

Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Baada ya hapo watu wengi walioletwa kutoka pande za maziwa, Manyema, Nyasa na kwengineko, waliacha kujitaja kwa makabila yao, wakajiita Waswahili na baadaye majina mengine ya hapa hapa. Hatuwalaumu, kwani walijikinga na matusi. Lakini matusi yenyewe bado hayajaisha. Bado wako wanaopeleleza ukoo wa mchumba ili wamkatae kwa nasaba ya utumwa, na wako wanaotoleana maneno hayo wakigombana.

Siku moja Abu Dharr (R.A.) alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba yeye bado ana ujahiliya ndani yake. Abu Dharr ni Swahaba mkubwa na alikemewa hivyo. Tuseme nini sisi? Basi kijana wetu uliyeuliza: bibi yako alidhulumiwa, na aibu ya dhulma ni ya aliyedhulumu. Mtaje, mwombee, na kama unajua alikotoka, waambie watoto wako. Bilal na Zayd (R.A.) hawakupungukiwa na kitu kwa kujulikana mwanzo wao.

Na wale waliopoteza jamaa zao katika MV Spice Islander, usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012, khasa wale ambao maiti zao hazikupatikana, wajue kwamba aliyekufa kwa kuzama amehesabiwa katika mashahidi kwa mujibu wa hadithi sahihi. Kukosa kaburi la kulizuru hakuzuii dua kumfikia. Mambo ya mirathi na ya mke wa aliyepotea yanahitaji hukumu ya Kadhi, yasiamuliwe kwa makisio ya nyumbani.

Suratu Dhuhaa: msiba unapogeuka wajibu

Tumalizie kwa sura ambayo watoto wetu wanaihifadhi chuoni. Mtume (S.A.W.) alizaliwa baba yake ameshafariki. Mama yake alifariki naye akiwa na umri wa miaka sita, na babu yake akiwa wa miaka minane. Baadaye, ndani ya mwaka mmoja, Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Twaalib walifariki. Katika Suratu Dhuhaa, Allah (S.W.) anamkumbusha: alikuwa yatima akampa makaazi, alikuwa muhitaji akamtosheleza. Hamwambii asahau. Kisha hapo hapo anamwamrisha asimwonee yatima, asimkaripie mwombaji, na azitaje neema za Mola wake.

Hivi ndivyo Qur-aan inavyoipanga kumbukumbu ya dhiki: yaliyokufika yakutambulishe mwenzako aliyefikwa. Aliyelala na njaa ndiye anayejua mlango wa jirani asiyepika. Aliyelelewa na watu ndiye anayejua neno gani humuumiza mtoto wa kulelewa. Kwa hiyo, ndugu yetu, ukitaka kujua msiba wako umekufanya nani, tazama umekuelekeza kwa nani: kwa Mola wako na kwa mwenye shida, au kwa mganga na kwa adui wa kubuni.

Na wazazi nyumbani, wasimulieni watoto habari za waliotangulia, pamoja na machungu yake, bila ya chuki na bila ya kuficha. Mtajieni mtoto majina ya babu na bibi zake kabla hajatajiwa na mtu wa kumtukana.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu maiti wetu waliozikwa nchi kavu na waliobaki baharini, awape subira waliofiwa, awahifadhi yatima na majina yao, na azitoe nyoyoni mwetu tuhuma na ujahiliya. Aamiin.

Wa Allaahu A'lam.